Namna ya kuzikamata nomino ambatani za Kiingereza bila kukariri orodha

Wakuu, leo tushughulike na nomino ambatani za Kiingereza, zile ambazo darasani mlizijua kama compound nouns. Shida yake ni namna tulivyofundishwa: ticha anaandika ubaoni toothbrush, bedroom, classroom, blackboard, mnanakili, mnakariri, mtihani ukija mnajaza mapengo, imeisha iyo. Afu miaka inapita mtu anafika benki anapewa karatasi imeandikwa "small business loan application form", anaanza kusoma kutoka mwanzo kama alivyozoea Kiswahili, akifika katikati hajui tena kilicho kidogo ni mkopo, ni biashara au ni fomu. Orodha haikusaidii hapo kwa sababu wenye lugha yao wanaunda maneno ya aina hii kila siku, hayaishi, na mengi hata kwenye kamusi hayamo. Unachohitaji ni njia ya kuyatambua na kuyafungua mwenyewe.

Kwa kifupi, nomino ambatani ni maneno mawili au zaidi yaliyokaa pamoja yakawa jina la kitu kimoja. Yanaweza kuwa yameshikana (toothpaste), yamewekewa kistari (mother-in-law) au yameachana kabisa (bus stop). Hayo yaliyoachana ndo wengi hawayahesabu, wanaona ni maneno mawili tu yamekutana njiani, na ndo hayo hayo yanayojaa kwenye fomu, matangazo ya kazi, mikataba na vichwa vya habari.

Hatua ya 1: anzia mwisho

Hii ndo hatua kubwa kuliko zote, ukiishika hii hata ukisahau zingine utafika. Kiswahili kinatanguliza kitu chenyewe, maelezo yanafuata nyuma: duka la viatu, kituo cha basi, mwalimu wa hesabu. Neno la kwanza tu likitoka mdomoni msikilizaji keshajua tunaongelea duka. Kiingereza kinageuza: shoe shop, bus stop, maths teacher. Bosi anakaa mwisho, wote waliomtangulia ni wapambe. Kwa iyo ukikutana na maneno mawili matatu yamepangana usihangaike na la kwanza, ruka mpaka la mwisho, jiulize hiki ni kitu gani, afu rudi nyuma taratibu ukiweka "cha", "la", "ya", "wa" katikati.

Angalia mfano huu. Milk chocolate ni chokoleti, ile ya kutafuna, imetiwa maziwa. Chocolate milk ni maziwa, unakunywa, yametiwa chokoleti. Maneno ni yale yale, kilichobadilika ni nani kakaa mwisho. Racehorse na horse race pia ivo ivo, ya kwanza ni farasi wa mbio, ya pili ni mbio zenyewe.

Kutokujua hili ndo kunawafanya watu waandike "shop of shoes" au "charger of phone". Sio kwamba "of" imekatazwa, ila kwa vitu vya kila siku mwenye lugha anageuza tu, anasema shoe shop, phone charger, water bill, ticket office.

Bosi ndo anaamua pia kitenzi kiwe umoja au wingi. "The car keys are on the table", funguo ni nyingi japo gari ni moja. "The goods train is late", mizigo mingi lakini treni moja, kwa iyo is. Lakini "a" na "an" hazimjui bosi, zenyewe zinaangalia sauti ya neno lililo karibu nazo: an apple tree, a university student, an hour hand. Hapo wengi wanateleza.

Kuna kundi dogo ambalo bosi hayumo ndani kabisa. Pickpocket sio aina ya mfuko, ni mtu anayekuchomolea pochi Kariakoo. Scarecrow sio kunguru, ni sanamu la kumtishia kunguru shambani. Hot dog sote tunajua sio mbwa. Hizi za kitenzi kwanza jina nyuma sisi hazitusumbui maana Kiswahili kinazo tele, kipazasauti, kivunjajungu, mpigapicha, ujenzi ni ule ule. Kwenye Kiingereza ni chache, ukikutana nayo utaishtukia tu kwa sababu ukimfuata bosi unapata maana ya kichekesho.

Hatua ya 2: hakikisha kweli ni ambatani, sio kivumishi na jina lake

Hapa ndo penye utamu. Kuna blackboard na kuna black board. Ya kwanza ni ubao wa darasani, hata ukipakwa rangi ya kijani bado ni blackboard. Ya pili ni ubao wowote ule ambao ni mweusi. Kuna blackbird, ndege fulani maarufu Ulaya, na jike lake ni la kahawia, halina weusi wowote, lakini jina halibadiliki kwa sababu "black" pale haielezei tena rangi ya ndege uliyemwona, imeshakuwa sehemu ya jina. Greenhouse ni banda la kuoteshea nyanya na hoho, ukiangalia mabanda mengi ya huku ni plastiki nyeupe nyeupe, kijani chenyewe kiko kwa mimea.

Unapimaje? Jaribu kwanza kuweka very. "A very black board" inakubali, ni ubao mweusi sana. "A very blackboard" inagoma. Kama very imegoma kuingia hapo mbele, una ambatani mkononi, au walau lile neno la kwanza sio kivumishi cha kawaida.

Afu jaribu kupenyeza neno katikati. Bus stop ukitaka kusema ni kikubwa unasema "a big bus stop", huwezi kusema "a bus big stop". Ambatani haikubali mgeni katikati, sifa zote zinakaa nje mbele. Kivumishi cha kawaida kinakubali: a black wooden board, hakuna anayelalamika.

Kipimo cha tatu ni mkazo wa sauti, na hiki kinatupiga chenga wengi kwa sababu Kiswahili mkazo wake unajulikana, karibu maneno yote unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, hatujazoea mkazo kubeba maana. Kiingereza kwenye ambatani nyingi kinakandamiza neno la kwanza: BLACKboard, GREENhouse, BUS stop. Kwenye kivumishi na jina, jina ndo linapata uzito: black BOARD, green HOUSE. Mfano ninaoupenda mimi ni English teacher. Ukisema ENGlish teacher ni mwalimu wa somo la Kiingereza, anaweza kuwa mtu wa Bukoba au Kisumu. Ukisema English TEAcher ni mwalimu ambaye ni Mwingereza, labda anafundisha fizikia. Kwenye maandishi zinafanana herufi kwa herufi, kwenye kusikia ni watu wawili tofauti.

Ila msije mkaapia hicho kipimo. Apple pie inakandamizwa nyuma, apple PIE, na bado watu wanaihesabu ambatani. Vitu vilivyotajwa kwa malighafi yake vingi viko ivo, cotton SHIRT, leather BELT. Na majina ya barabara ndo vituko kabisa: ukitaja street mkazo unakaa mbele, OXford Street, ukitaja road au avenue mkazo unahamia nyuma, Oxford ROAD. Usiniulize haki iko wapi, ndo wanavyoongea. Kwa iyo mkazo utumie kuongezea uhakika, usiutegemee peke yake.

Hatua ya 3: chunguza neno lenye -ing

Chukua drinking water na boiling water. Kwa macho ni mapacha. Sasa uliza: haya maji yanafanya hicho kitendo? Boiling water, ndio, yanachemka, weka kidole uone. Drinking water, hapana, maji hayanywi chochote, ni maji ya kunywa. Jibu likiwa "ndio yanafanya", ile -ing ni kivumishi tu. Jibu likiwa "hapana, ni kwa ajili ya", ni ambatani.

Jaribu kwa hizi. Sleeping child, mtoto kalala kweli. Sleeping bag, mfuko haulali, ni wa kulalia. Walking stick, fimbo haitembei. Frying pan, dining room, swimming pool, zote zinatafsirika kwa "ya ku-" au "cha ku-", chumba cha kulia, bwawa la kuogelea. Kipimo hiki kinabana kidogo kwenye mashine, maana washing machine yenyewe inafua kweli, lakini kumbuka kile cha mkazo, WASHing machine, utaona inaangukia huku huku.

Hatua ya 4: tafuta uhusiano, usiuvumbue

Kiswahili nacho kinaficha mambo kwenye "ya" na "la", lakini Kiingereza kimeondoa hata hako ka-unganishi. Maneno yamesimama tu, wewe ndo ujue yanahusianaje. Coconut oil ni mafuta yaliyokamuliwa kwenye nazi. Engine oil ni mafuta ya kuwekwa kwenye injini. Baby oil ni mafuta ya kumpaka mtoto, na hapo ukitumia mantiki ya nazi umeharibu kabisa. Hakuna kanuni ya kuyatenganisha, ni kujua dunia inavyokwenda, nani anakamua nini na kwa kazi gani.

Sehemu moja ambayo uhusiano una kanuni ni vyombo. Teacup ni kikombe, chombo chenyewe, kinaweza kuwa tupu kimekaa kabatini. A cup of tea ni chai iliyomo. Matchbox ni boksi la kiberiti, a box of matches ni boksi lenye njiti zake ndani. Wine bottle tupu huwezi kumkaribisha nayo mgeni, a bottle of wine sawa. Sasa ukienda mgahawani ukasema "I want a teacup" usishangae ukiletewa kikombe kitupu na mhudumu akakuangalia.

Hatua ya 5: kuandika, kushikanisha au kutenganisha

Hapa ntakuwa mkweli, hakuna kanuni ya kukufikisha mwisho wa safari. Bedroom imeshikana, living room imeachana, zote ni vyumba vya nyumba moja. Kuna mwelekeo tu: neno likianza huwa yameachana, likitumika sana linaweza kupita kwenye kistari, mwisho yanashikana. Zamani waliandika to-day na to-morrow, leo hakuna anayeweka kile kistari. Mwaka 2007 kamusi ya Shorter Oxford ilipotoa toleo la 6 iliondoa vistari kwenye maneno kama 16,000 hivi, mengine yakashikanishwa, bumble-bee ikawa bumblebee, mengine yakaachanishwa, ice-cream ikawa ice cream. Shirika la habari la Marekani, Associated Press, kwenye mwongozo wake wa uandishi likaruhusu website neno moja mwaka 2010, na mwaka 2011 likaondoa kistari kwenye e-mail. Kwa iyo kitabu chako cha zamani kikisema hivi na simu yako ikisema vile inawezekana vyote viko sahihi kwa wakati wake. Chagua kamusi moja, ishikilie, usichanganye kwenye insha moja.

Kuna sehemu moja tu ya kuandika ambayo ni lazima uwe makini, nayo ni maneno yaliyotokana na kitenzi chenye kijineno nyuma. Jina linashikana au linapata kistari, kitenzi kinaachana. Login ni jina, log in ni kitenzi. Breakdown, backup, setup, checkout, vyote majina. Break down, back up, set up, check out, vyote vitenzi. Ukishindwa kuamua peleka sentensi wakati uliopita. "I logged in yesterday", umeona -ed imeingia katikati? Basi pale ni vitenzi, yaachanishe. Kama neno haliwezi kupelekwa wakati uliopita, mfano "my login is not working", ni jina, shikanisha. Hata tovuti za kampuni kubwa zinakosea hii, kwa iyo usizitumie kama ushahidi.

Hatua ya 6: wingi

Kawaida wingi anauchukua bosi wa mwisho na wapambe wanabaki umoja hata kama kwa akili vitu ni vingi. Toothbrush inapiga meno yote lakini hatusemi teethbrush, tunasema toothbrushes. Shoe shop inauza viatu elfu lakini sio shoes shop. Hata trousers, ambayo peke yake haiishi bila -s, ikiwa mpambe inavuliwa: trouser pocket.

Lakini kuna wapambe wanaogoma kuvua -s, na sababu yao inaeleweka ukitulia. Customs officer ni afisa forodha, ukiondoa -s unabaki na custom ambayo ni mila, afisa wako kawa wa mila na desturi. Goods train, ukivua inakuwa treni nzuri. Arms dealer ni muuza silaha, vua uone anauza nini, mikono. Yani -s inabaki pale ambapo kuiondoa kunabadilisha maana. Savings account, sports car na clothes shop ziongeze humo humo, zimezoeleka hivyo.

Afu zile ambazo bosi hajakaa mwisho. Mother-in-law, bosi ni mother, kwa iyo mothers-in-law, usiweke -s kwenye law. Passer-by inakuwa passers-by, runner-up inakuwa runners-up. Ila ukija kwenye umiliki, 's inakwenda mwishoni kabisa bila kujali bosi kakaa wapi: my mother-in-law's house.

Hapa kuna kimoja kinachowachanganya hata waandishi wa habari. Attorney general, wingi wake ni attorneys general, kwa sababu bosi ni attorney na general ni sifa, kama sisi tunavyosema Mwanasheria Mkuu, mkuu iko nyuma. Mpangilio huo umetoka kwenye Kifaransa, maana baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066 mambo ya sheria na utawala yalikwenda kwa Kifaransa muda mrefu. Lakini major general wingi wake ni major generals, kwa sababu huyo ni jenerali kweli, bosi kakaa mwisho kama kawaida. Kwa iyo usikariri "general", uliza tu huyu mtu ni nani, mwanasheria au jenerali?

Zile ambazo hazina jina ndani yake kabisa, kama breakdown, grown-up, check-in, -s inakwenda mwisho tu, breakdowns, grown-ups, check-ins. Na woman ikiwa mpambe wa mtu inabadilika pamoja na bosi, woman doctor inakuwa women doctors, hiyo ndo ya kukariri maana haifuati wenzake.

Hatua ya 7: kufungua mnyororo mrefu

Sasa turudi kwenye ile fomu ya benki. Small business loan application form. Anza mwisho: form, ni fomu. Fomu ya nini? Application, ya maombi. Maombi ya nini? Loan, ya mkopo. Mkopo wa nini? Business, wa biashara. Na small je? Small haina bosi wake mbali, inakamatana na aliye jirani, business, small business ni biashara ndogo. Basi: fomu ya maombi ya mkopo wa biashara ndogo. Mkopo wenyewe unaweza kuwa milioni 50, hakuna aliyesema mdogo.

Hilo la sifa kushikana na jirani sio sheria ya chuma. Used car dealer ni muuza magari yaliyotumika, used na car zimeshikana. Lakini young car dealer ni muuza magari kijana, young imeruka car ikaenda kwa dealer, kwa sababu gari haliitwi young. Unapima kwa maana: inaingia akilini na jirani? Ikiingia, ishikanishe hapo. Haiingii? Ipeleke kwa bosi. Waandishi makini wanakuwekea kistari kukuokoa, used-car dealer, wengi hawajali.

Mazoezi mazuri yako bure tu, kwenye bili, tiketi za ndege, matangazo ya ajira. Passenger service charge kwenye tiketi: tozo ya huduma kwa abiria. Water meter reader kwenye tangazo la kazi: msoma mita za maji, na mkazo uko kwa water.

Malizia na sentensi hii, uifanye mwenyewe kabla hujasoma ninachosema: "My brother-in-law left his laptop bag at the bus stop, so a school bus driver took it to the lost property office." Brother-in-law, bosi mbele, wangekuwa wawili ni brothers-in-law. Laptop bag ni begi la laptop, na laptop yenyewe tayari ni ambatani, lap na top, kwa iyo kuna ambatani ndani ya ambatani. Bus stop ushaijua. School bus driver, dereva wa basi la shule, school na bus zimekamatana kwanza ndo driver akaja. Lost property office wengi wanaikosea, wanasema ofisi iliyopotea. Office ni bosi, ofisi haijapotea popote, kilichopotea ni property, basi ni ofisi ya mali zilizopotea, na begi la shemeji liko hapo.